Wimbo unatoka Ijumaa gani?

Mwandishi, asante kwa kutujuza kwamba msanii wetu na mchumba wake wameachana na kufutana picha Instagram. Swali langu ni moja tu: wimbo unatoka Ijumaa gani? Hapa Nairobi tumeshawazoea. Jumatatu machozi, Jumatano mama mtu anahojiwa redioni, Ijumaa video iko YouTube na wale wale wawili wameshikana viuno. Hiyo ni kiki ya kuuza wimbo, jameni, mapenzi hayamo!

Jana kwenye matatu ya Rongai, kondakta na mama mmoja wa viti vya nyuma walibishania habari hii kutoka Railways mpaka Galleria. Mama yuko upande wa dada, kondakta anasema kaka ameonewa. Mimi nikapitishwa kituo changu, na chenji yangu mpaka leo sijaiona.

Wanamuziki Wahu na Nameless wameoana tangu 2005, wana mabinti watatu, na Wahu alichukua tuzo ya MTV ya mwimbaji bora wa kike Afrika mwaka 2008 bila kurusha nguo za mtu nje ya geti. Hata bendi ya Sauti Sol walipotangaza mapumziko 2023, walituaga kwa tamasha pale Uhuru Gardens, hakuna aliyedai amerogwa na mwenzake. (Sawa, nililia kidogo.)

Nyinyi mkitaka tuamini mmeachana kikweli, achaneni Januari. Wakati huo hatuna hata bando za kuwafuatilia.