Kabla ya sindano ya testosteroni, soma karatasi yote

Mwanaume wa Kampala aliyechoka na kupungukiwa hamu ya tendo la ndoa anaweza leo kuingia maabara ya binafsi, akalipa, akapata majibu ya testosteroni, homoni kuu ya kiume, bila kumwona daktari. Ubishi unaanzia hapo. Kuna wanaosema kiwango kikiwa chini apigwe sindano, ameteseka vya kutosha. Wengine wanasema haya yote ni biashara ya kuugeuza uzee kuwa ugonjwa. Kila upande una hoja, lakini naona wote wanabishania dawa huku karatasi yenyewe ya majibu haijasomwa.

Upungufu wa kweli upo, na una madhara. Korodani zikiharibiwa na matubwitubwi, au tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ikiota uvimbe, mtu hupoteza uimara wa mifupa na misuli, na hata damu hupungua. Wenye selimundu, ambao Uganda inao wengi, nao huweza kupungukiwa. Kumwambia mtu wa aina hii azoee uzee, au kumwacha atafune tu mulondo, mzizi unaoaminika kuongeza nguvu za kiume, ni kumnyima tiba anayostahili.

Lakini tazama jibu lililoandikwa 3.1. Ni chini? Kama ni nanogramu kwa mililita, ni sawa na nanogramu 310 kwa desilita, juu kidogo ya 300 ambayo chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani kimeiweka kuwa mpaka. Kama ni nanomoli kwa lita, ni karibu 89 kwa desilita, na huo ni upungufu mkubwa. Tarakimu ni zilezile, wagonjwa ni wawili tofauti kabisa. Maabara hazitumii kipimo kimoja, kwa hiyo asomaye namba na kuacha herufi zilizo pembeni yake hajasoma kitu.

Kisha uliza damu ilitolewa lini. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka mchana, hasa kwa vijana, ndiyo maana hupimwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula. Askari wa lindo anayetoka zamu na kwenda maabara moja kwa moja bila kulala atapata jibu lisiloaminika; kwake asubuhi ni pale anapoamka. Aliyetoka kuugua malaria asubiri apone sawasawa, kwa kuwa ugonjwa wowote mkali huishusha homoni hii. Tramadol, dawa ya maumivu, huishusha pia, na wengi huinywa bila kumwambia daktari. Jibu likiwa chini, lirudiwe siku nyingine: takriban watu 3 kati ya 10 wenye jibu la kwanza la chini hukutwa wako sawa. Najua kurudia ni pesa, na kwa mtu anayeishi kwa kibarua hoja hiyo ni nzito. Ila kipimo hicho hulipiwa mara moja, na sindano zitalipiwa miaka.

Hapa Uganda kuna jambo jingine linalosahauliwa mno. Testosteroni nyingi katika damu imebebwa na protini iitwayo SHBG. VVU na ugonjwa wa ini huipandisha protini hiyo, hivyo jumla inaweza kuonekana nzuri wakati sehemu huru, ile mwili unayoitumia, ni kidogo. Unene na kisukari hufanya kinyume: jumla inashuka, sehemu huru ikabaki ya kutosha. Kwa watu hawa testosteroni huru lazima ijulikane kabla ya kuamua.

Ujazo wa chembe nyekundu katika damu nao upimwe kabla ya kuanza. Ukizidi asilimia 48, au 50 kwa wakazi wa nyanda za juu kama Kabale, sindano isianze. Ukifika 54 wakati wa tiba, isimamishwe. PSA, protini ya tezi dume inayopimwa katika damu, huangaliwa pia, hasa kwa wenye umri mkubwa.

Je, tiba inafaa? Utafiti wa Marekani uliotolewa 2016, wa wanaume 790 wenye miaka 65 na zaidi, ulionyesha hamu iliongezeka kwa kiasi, lakini uchovu haukupata nafuu ya maana. Mwingine wa 2023, wa wanaume zaidi ya 5,200 walio katika hatari ya maradhi ya moyo, haukukuta ongezeko la shambulio la moyo au kiharusi, ila mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilizidi. Kwa hiyo anayetafuta dawa ya uchovu tu, mimi ningemwambia aanze na usingizi, sukari na wingi wa damu.

Mwishowe, LH na FSH, homoni za pituitari zinazoziamuru korodani zifanye kazi. Zikiwa juu, kasoro iko kwenye korodani. Zikiwa chini au za kawaida huku testosteroni iko chini, tafuta kichwani, kwenye pituitari, na prolaktini, homoni nyingine ya tezi hiyo, ipimwe. Sindano huzizima homoni hizi mbili, na uzalishaji wa mbegu hushuka, pengine hadi sifuri. Kurudi kwake huchukua miezi mingi. Kijana anayetaka mtoto hivi karibuni asianze sindano hizo. Amwombe daktari njia nyingine, na apime mbegu kwanza.