Wa kuonja wengi, wa kuosha sufuria hayupo

Jamani hii tabia ya mtu kuingia jikoni bila kuitwa, anafunua sufuria, anachungulia, ananusa, anasema "mmmh" halafu anatoka, ilianzia wapi? Yaani "mmmh" tu basi. Hasemi chumvi imepungua, hasemi inaungua, anakuachia hiyo "mmmh" ikutafune mpaka saa ya kula. Na alichofunua ni wali! Wali umeshakauka maji, umepunguziwa moto, kazi iliyobaki inafanywa na mvuke peke yake na huo mvuke ndo kautoa wote nje ili pua yake ipate taarifa.

Nasema kwa uchungu kwa sababu kwetu ukoo ukikutana mpishi ni mimi. Sikuomba. Siku moja nilipika mchuzi ukakubali, mama mdogo akasema huyu kijana ana mkono, tangu hapo hiyo kauli imekuwa mkataba wa ajira isiyo na mshahara wala likizo.

Shida inaanzia kwenye grupu la familia. Unauliza swali jepesi kabisa, jamani tutakuwa wangapi? Mmoja anaweka kidole gumba. Sasa kidole gumba ni watu wangapi? Mjomba anaandika "tupo pamoja", wewe na nani mjomba? Shangazi yeye anatuma sauti ndefu, unasikiliza mpaka mwisho ukitegemea idadi, kumbe anasimulia magoti yake. Basi unapika kwa kukisia, na siku yenyewe binamu anafika na marafiki ambao hata yeye majina yao hana uhakika nayo.

Hapo sasa ndo tunakuja kwenye wali wa watu wengi. Wali wa watu wengi una hesabu zake, na wasiozijua ndo wasimamizi wakuu. Iko hivi, mchele wenyewe unakunywa maji yanayokaribia ujazo wake, yale tunayozidisha juu ni ya kupotea kwa mvuke, na mvuke unaopotea unafuata upana wa sufuria na mfuniko unavyobana na muda wa jikoni, haufuati wingi wa mchele. Kwa hiyo ukizidisha mchele mara tatu ukazidisha na maji mara tatu umejitafutia mashendea. Nimelieleza hili mpaka sauti ikakauka. Baba mkubwa ananisikiliza vizuri, anatikisa kichwa, nageuka kuchukua mwiko nikirudi nakuta kamimina jagi zima, eti "mwanangu mchele wote huu, maji gani hayo uliyoweka?" Saa ya kula anayeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote leo wali umekuwaje ni nani? Na mimi adabu hainiruhusu kumtaja mbele ya wajukuu zake, namezea.

Halafu kuna wale wa sebuleni. Hawa jikoni hawaji, wanaongoza kwa sauti. "Ongeza moto huko, watu tuna njaa!" Ndugu zangu, maji yakishachemka yamechemka. Usawa wa bahari ni nyuzi 100, hata ukiwasha moto wa kuyeyushia chuma hayo maji kwenye sufuria la kawaida hayapandi zaidi ya hapo, yatakachofanya ni kuisha haraka na wewe ubaki na nyama ngumu iliyoshika chini. Nyama yenye mishipa inataka muda na moto wa taratibu ili ile mishipa ilainike iwe utelezi utelezi, ukiikimbiza kwa moto mkali inakaza. Haijali kwamba nyie hamkunywa chai asubuhi mkijua leo kuna shughuli.

Chumvi ndo usiseme. Nimeshatia, nimeonja, nimeridhika. Nikitoka kwenda kupokea wageni anaingia wifi yangu mmoja, anaonja, anaona imepungua kidogo, anaongeza. Akitoka anaingia mwingine naye ana ulimi wake, anaongeza. Hakuna anayemwambia mwenzie, kila mmoja anafanya wema kwa siri. Mchuzi ukishakuwa hauliki ghafla wote wanageuka wataalamu, "tia kiazi, kinanyonya chumvi". Kiazi kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, huo uliobaki unabaki na ukali uleule, umepungua tu na kiazi kimepata ladha. Dawa ni kuongeza maji au vitu visivyo na chumvi, basi, mchuzi wa sufuria moja unakuwa wa masufuria mawili na wewe unaonekana mpishi usiyejua kukadiria.

Shemeji yangu namshukuru, yeye hujitolea kabisa. "Leo nipe kazi." Nampa vitunguu. Anakata kimoja, machozi yanamtoka, anaomba akapumzike nje na huko nje ndo harudi tena. Ila na kisu nacho kina lawama zake, hapa nyumbani kisu hichohicho ndo kinafungua makopo, kinachokoa kufuli na kinachonga penseli za watoto, kimekuwa butu kinaponda kitunguu badala ya kukikata, na kitunguu kikipondwa ndo kinamwaga zaidi ile hewa inayochoma macho. Nimesema tununue kingine cha jikoni tu. Nimejibiwa "mbona hiki bado kizima".

Chakula kikiiva watu wanapakua kwa mpangilio wa heshima, wakubwa, wageni, watoto, halafu wale wenye haraka, halafu wale waliosema hawali sana wanarudi mara ya pili. Mpishi eti kashiba harufu. Aliyesema hiyo kauli namtafuta. Napata ukoko na kipande cha mfupa ambacho watu wazima waliokaa mezani wote walikigeuza wakakirudisha.

Wali uliobaki unakaa mezani umefunikwa kitambaa mpaka jioni. Nikisema tuuweke kwenye friji naambiwa "si tutaupasha". Mchele una bakteria ambao mbegu zao zinavumilia hata kuchemshwa, wali ukikaa nje masaa mengi wanazaliana wanaacha sumu, na ile sumu kuna nyingine haiondoki hata uupashe mpaka utoe moshi, ndo maana unatakiwa uingie kwenye friji ndani ya masaa mawili. Nikimaliza kueleza hivyo kuna mtu anajibu, "sisi tumekula hivyohivyo na tupo". Kweli mpo. Ila foleni ya chooni usiku ule mimi niliiona kwa macho yangu na yeye alikuwa wa mbele.

Na saa ya kuondoka, hapo ndo upendo unarudi ghafla. "Nifungie kidogo cha kesho." Mwenye kuomba bakuli kubwa kuliko wote ni yuleyule wa "mmmh". Namfungia, nifanyeje, ni damu yangu. Masufuria yamebaki yamejaa sinki, kila mtu mgongo umeanza kumuuma kwa pamoja, na bakuli zangu zinaondoka zikiwa mikononi mwa watu wanaoapa watazirudisha Jumatatu, Jumatatu ipi hawasemi. Kabati langu sasa lina mifuniko mitupu, ya duara, ya pembe nne, mingine hata sikumbuki bakuli lake lilikuwa la rangi gani.

Jana usiku nimeona meseji kwenye grupu, binamu kaandika na vikaragosi vya kulia: "Jamani ile bakuli niliyofungiwa siku ile haikuwa na mfuniko, mchuzi ulimwagika wote kwenye gari, safari nyingine mpishi uwe makini kidogo." Vidole gumba vya kuunga mkono vimejaa chini yake, na cha baba mkubwa kimo.