Acheni Muziki wa Mwisho Uishe

Jumamosi usiku nilimkalisha mpwa wangu mbele ya runinga nimwonyeshe Blade Runner, filamu ya polisi anayewinda watu wa kutengenezwa, yenye muziki wa Vangelis, mtunzi Mgiriki. Nilijiandaa wiki nzima. Bando la kutosha, spika za kuazima kwa jirani, na onyo mapema kwamba simu iwekwe chumbani. Kijana akavumilia dakika zote, mara mbili tu akaenda kuchungulia friji. Tukafika mwisho. Deckard, polisi mwenyewe anayechezwa na Harrison Ford, anaokota kile kifarasi cha karatasi chenye pembe moja, anakifinya kiganjani, anatikisa kichwa, mlango wa lifti unajifunga, kiza. Ngoma ikaanza.

Sekunde tano. Picha ikajikunja ikawa kisanduku kwenye kona, sauti ikafifia, na katikati ya skrini likatokea tangazo la vichekesho vya harusi, na saa ikihesabu kurudi nyuma: kumi, tisa, nane. Mimi chini ya mito natafuta rimoti. Nilipoipata, bwana harusi alikuwa keshaangukia keki.

"Mjomba, si imeisha?"

Haijaisha! Imeisha wapi? Ile dakika nne na ushei ndiyo niliyomkalishia mtoto wa watu usiku kucha.

Aliyebuni ujanja huu wa kurukia filamu inayofuata nina hakika hata kwenye shughuli huondoka pilau likiwa bado jikoni. Mtu kama huyo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuamua filamu inaishia wapi. Kwake yeye picha ikishakuwa nyeusi na majina yakaanza kupanda, biashara imefungwa, mteja ahamishwe haraka kabla hajapata muda wa kufikiri. Wenye filamu zao waliweka muziki pale makusudi, ili upate muda wa kufikiri. Sasa tunabishana nini?

Kinachonitia uchungu zaidi ni historia ya muziki huu wenyewe. Filamu ilitoka Juni 1982, na kwenye majina yale yale ya mwisho yanayokatwa leo kulikuwa na ahadi: albamu ya muziki itapatikana kwa kampuni ya Polydor. Watu wakaenda madukani. Hakuna. Badala yake ikaja sahani ya New American Orchestra wakiupiga upya. Nimeisikiliza. Wapigaji ni mafundi, sikatai. Ila ni sawa na kutaka sauti ya Bi Kidude ukaletewa kwaya ya shule inayoimba nyimbo zake. Noti zote zipo, yeye hayupo.

Mashabiki walisubiri miaka 12. Kumi na miwili! Katikati hapo zilizunguka kanda za magendo, kopi ya kopi, mpaka mvumo wa kanda unasikika kuliko kinanda. Mwaka 1993 ikatoka CD ya wizi yenye vipande vingi, na wakereketwa wakaigombania kama mkate wa futari. Mwaka 1994 Vangelis mwenyewe ndiyo akatoa albamu halali. Unafungua kwa mikono inayotetemeka, unaweka, na unakuta baadhi ya nyimbo zimebandikwa maneno ya waigizaji juu yake. Sitasema neno baya juu ya marehemu. 2007 zikaja CD tatu kwa pamoja, na bado kuna vipande vya ndani ya filamu ambavyo havimo. Wapo watu waliokaa miaka wakiunganisha dakika kwa dakika kutoka huku na kule ili wapate muziki mzima. Bila wao tungekuwa tunasimuliana tu.

Sasa huyu Mgiriki alifanya nini hasa cha kusumbua watu hivyo?

Mnakumbuka Zhora, mmoja wa wale watu wa kutengenezwa, anavyokufa. Mwanamke kavaa koti la mvua la plastiki linaloonyesha mwili, anakimbia barabarani kwenye msongamano, na mwenye bastola yuko nyuma. Anapigwa risasi mgongoni. Anapasua kioo cha duka, anainuka, anapasua kingine, taa za rangi, masanamu ya dukani yamesimama yanatazama tu. Filamu ya kawaida ya polisi hapo ingepuliza matarumbeta, maana shujaa wetu kapata anachokitafuta. Vangelis hakupuliza kitu. Aliweka sauti moja ndefu ya kinanda, inapanda polepole, inatetemeka kidogo kama koo la mtu anayejizuia kulia, inashuka, inanyamaza, inaanza tena. Kwenye albamu inafika karibu dakika 9. Muziki unamlilia aliyewindwa. Mwandishi hajasema, mwongozaji hajasema, Harrison Ford uso wake umekauka kama mbao, ila wewe unayetazama umeshaambiwa: huyu aliyelala kwenye vioo ndiye wa kuhurumiwa. Filamu nzima inauliza nani binadamu na nani si binadamu, na jibu linatoka kwa mtu aliyekuwa amekaa kwenye studio yake ya Nemo kule London, anatazama kanda za video za filamu huku mikono iko kwenye kinanda. Kusoma noti hajui. Anaona, anapiga.

Kwa hiyo ukiniambia "ah, ule ni muziki wa mashine tu", tutakosana.

Nina rafiki anapiga kinanda kwenye kikundi cha taarab, na yeye alikuwa na dharau hiyo hiyo mpaka nilipomtajia Yamaha CS-80, kinanda alichopigia Vangelis. Akanyamaza kidogo. Akanivutia meza ya kahawa, akaweka vidole vitatu juu ya ubao. "Vinanda vyetu hivi," akasema, "ukishabonyeza umebonyeza." Kisha akakandamiza kidole cha kati peke yake, polepole, mpaka ukucha ukawa mweupe. "Kile, ukizidisha nguvu kwenye kidole kimoja, sauti ya kidole hicho tu ndiyo inayofura. Hivi vingine viwili vimetulia." Na juu ya vibonyezo kuna utepe mrefu, unatelezesha kidole na sauti inapinda kama ya fidla. Ndiyo maana kinanda kile kinalia. Kuna nyama ya mtu pale. Tena chombo chenyewe kina kilo 100 hivi, mifuko miwili ya saruji, si cha kukwapua ukapandia nacho daladala.

Saksafoni ya kipande cha mapenzi, nakiri, ina harufu ya ukumbi wa hoteli saa tano usiku. Dick Morrissey kaipuliza vizuri mno na bado ni hoteli. Nimewapa hilo moja, msiombe la pili.

Wimbo ninaoupenda kuliko wanavyoupenda wengine ni ule wa Demis Roussos, sauti ya mwanamume inayopanda na kuvunjika kwa mtindo wa Kiarabu. Mara ya kwanza naucheza nyumbani, shangazi yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza hiyo filamu ya Misri ni ipi, mbona haijui. Shangazi kakulia pwani enzi sinema za Kimisri zikijaza kumbi, watu wakitoka na nyimbo vichwani na wiki ijayo unazisikia kwenye taarab zimevikwa maneno ya Kiswahili. Nikamwambia si ya Misri, ni ya Marekani, muziki ni wa Mgiriki. Hakuniamini. Baadaye nikagundua Roussos kazaliwa Alexandria. Nikarudi kuomba radhi. "Si nilikwambia," akasema, akarudi kwenye nazi yake.

Ngoja niseme na hili, maana haki ni haki. Programu hii ya kutazamia filamu si ya kwanza kunikata. Filamu hii niliiona mara ya kwanza kwenye kanda ya kukodi, mwishoni mwa miaka ya 90, Tanga. Mwenye duka alikuwa na kanda tupu za saa nne, na kila moja aliingiza filamu mbili. Mbili hizo kwa pamoja zilizidi saa nne kidogo, piga hesabu mwenyewe. Kilichotolewa kafara ni majina ya mwisho. Ngoma inapiga mara mbili, tatu, halafu chwaa, mchele wa skrini, halafu mtu wa karate anaruka ukuta. Miaka kadhaa niliamini muziki ule una urefu wa sekunde sita. Nilikuwa nauimba hivyo hivyo, sekunde sita, nikifika mwisho narudia.

Lakini yule mzee alikuwa na sababu! Kanda ilikuwa ghali na utepe una mwisho wake. Hawa wenzetu wa leo wanabana nini? Utepe gani umewaishia?

Mwaka ule ule wa 1982 Vangelis alikuwa ametoka kupewa Oscar kwa Chariots of Fire. Kwa Blade Runner, waliotoa Oscar hawakuuteua hata muziki wake ushindane. Sawa. Muendelezo wa 2017 ulipofika kwenye kifo kwenye ngazi, theluji inaanguka, ukaenda kuazima kipande chake cha Tears in Rain, yaani machozi mvuani, maana kingine cha kuweka pale hakikupatikana. Alifariki Mei 2022, miaka 79. Nilikuwa safarini siku ile, nikausikiliza ule wa mwisho mara tatu mfululizo basi likiwa limekwama mizani, na mara zote tatu uliisha wenyewe.

Nimeingia kwenye mipangilio. Ile ya kurukia filamu inayofuata ipo, imefichwa ndani ya menyu ya tatu, nimeizima. Jana programu imejisasisha, imejiwasha tena.

Mpwa alinitumia ujumbe Jumatatu akiwa shuleni kwao, simu ya kuazima, anataka jina la ule wimbo wa mwisho aupakue. Nikamwandikia: "Unaitwa End Titles."

"Yaani unaitwa Majina ya Mwisho?"

"Ndiyo."

"Sasa Mjomba, si ndiyo maana wanaukata?"