Ubingwa wa Spezia wa 1944: Shirikisho la soka la Italia bado lina deni

Tarehe 16 Julai 1944, katika uwanja wa Arena mjini Milan, Spezia ya Serie B, daraja la pili la soka ya Italia, iliichapa Torino, bingwa mtetezi wa Italia, mabao 2-1, ushindi uliochangia kuipa ubingwa wa msimu huo wa vita. Wachezaji wake walikuwa chini ya kikosi cha zimamoto cha La Spezia, wakienda kwenye mechi kwa gari la zimamoto. Nyumbani hawakuweza kucheza, maana mji wao wenye kambi ya wanamaji ulikuwa ukipigwa mabomu.

Tangu Septemba 1943 nchi ilikuwa imegawanyika: kusini majeshi ya Washirika, kaskazini Wajerumani. Ligi za kawaida zilisimama, na klabu za kaskazini zikachanganywa bila kujali daraja. Bila vita, Spezia ingelazimika kwanza kupanda daraja ndipo iguse ubingwa.

Wanaoukataa ubingwa huo wana hoja nzito: Roma, Lazio, Napoli na Bari hawakushiriki. Bingwa wa nusu ya nchi ataitwaje bingwa wa Italia? Lakini ile hoja nyingine, kwamba Torino ilichoka, siikubali hata kidogo. Torino ilikuwa chini ya mwavuli wa kiwanda cha Fiat, tena ikiwa na Silvio Piola wa Lazio, bingwa wa dunia wa 1938. Kama ni kubebwa na vita, zote zilibebwa.

Halafu tazama msimu wa 1945-46. Ligi iligawanywa tena kaskazini na kusini, na huko kusini klabu za Serie A, daraja la juu, na za Serie B zikacheza pamoja. Torino ilitwaa taji, na hakuna anayelihoji. Tofauti ya kweli ni kwamba safari hiyo pande mbili zilikutana kwenye hatua ya mwisho. Kwamba mwaka 1944 hazikukutana halikuwa kosa la Spezia; mstari wa mbele wa vita ulikuwa katikati ya nchi.

Amani nayo ilianza kwa kuwafungulia wadogo milango. Serie B ikawa na makundi matatu, Serie C ikafurika klabu. Mwaka 1948 yakaja mapanga: Serie B ikarudi kundi moja, na klabu nyingi zikashushwa.

Mwaka 2002 shirikisho liliipa Spezia taji la heshima tu. Klabu hiyo ilicheza Serie A kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Kwangu mimi, klabu iliyomfunga bingwa mtetezi uwanjani iandikwe bingwa kamili, na kando yake yaelezwe mazingira ya vita.