Bando ni la Nje, Waya ni wa Ndani

Jirani alinikuta juu ya ngazi natoboa ukuta, akacheka. "Kaka, unavuta waya wa nini, na intaneti yenyewe ya kuungaunga bando?"

Wengi hapa Mbeya wangeuliza hivyohivyo, na ndipo tunapokosea. Mimi nahariri video za harusi nyumbani, Ilomba. Kazi moja ya kamera mbili inafika gigabaiti 50 bila shida. Kompyuta ya kuhariria iko chumbani, ya kuhifadhia iko sebuleni, na katikati kuna kuta mbili za tofali za kuchoma. Kwa waifai nilikuwa naanza kunakili baada ya chakula cha usiku, naamka asubuhi bado inahesabu. Hapo hata senti ya bando haijatumika. Mafaili yanatoka chumba kimoja kwenda kingine, basi.

Nikamwita fundi. Akapitisha kebo ya mtandao darini, juu ya mirunda, akabana vichwa vya plastiki kwenye ncha zake, akaniuliza, "Inasoma?" Nikajibu inasoma. Akachukua chake akaondoka.

Ilisoma kweli, ila kompyuta ilionyesha mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1000. Ndani ya kebo ile kuna nyaya nane, jozi nne zilizosokotwa. Mwendo wa megabiti 100 unatosheka na jozi mbili. Wa gigabiti, yaani megabiti 1000, unataka zote nne. Uzi mmoja wa zile jozi mbili za ziada usipogusa, mara nyingi vifaa havikuambii kitu, vinashuka tu kimyakimya. Nilikisogeza kichwa kwenye mwanga wa dirisha: kwenye ile plastiki angavu, uzi wa kahawia ulikuwa umeishia njiani, haukufika kwenye meno ya shaba. Kichwa kimoja! Nilikikata, nikazipanga nyaya upya kwa rangi zilezile za upande wa pili, nikazisukuma mpaka zikagota mwisho, nikabana. Harusi iliyokuwa ichukue zaidi ya saa moja kwa megabiti 100 ikapita kwa dakika nane hivi.

Kwa hiyo usimlipe fundi kwa sababu "inasoma". Mwambie akuonyeshe 1000.

Kuhusu kununua, sina maneno mengi. Kebo iliyoandikwa Cat5e inabeba gigabiti hadi mita 100, na sijui ni nani kati yetu mwenye nyumba ya mita 100. Swichi nayo iwe ya gigabiti (ile ya mtandao, ya kuunganishia kebo za vifaa, siyo ya taa; dukani wameshaniletea ya taa). Ninachokiogopa ni kebo ya bei chee, aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi kwa wembe kabla hujatoa hela. Ukiona weupe chini ya wekundu, irudishe.

Simu ziacheni kwenye waifai. Ila kompyuta na televisheni visivyohama, sioni kwa nini vigombanie hewa.

Kuna jambo moja ambalo mafundi hawalisemi, na sisi tuna radi kuanzia Novemba mpaka mvua zikatike: kebo ya shaba inayoning'inia nje, kutoka nyumba kubwa kwenda chumba cha uani, ni njia ya kuingiza radi ndani. Huko afadhali faiba, kebo ya nyuzi za kioo, maana kioo hakipitishi umeme. Mimi bado sijamudu, kwa hiyo ngurumo zikianza upande wa Mlima Loleza nachomoa kebo ya uani pande zote mbili, na ruta nazima.