Cheti cha daktari, na cheti chake mwenyewe

Mwambie mtu wa Unguja "cheti cha daktari" uone: atakuletea karatasi ya dawa. Ndiyo maana yake kwetu. Daktari anaandika cheti, wewe unakipeleka dukani. Kile cheti kingine, kinachosema huyo aliyeandika kasomea wapi na nani kamruhusu kutibu, hakimo katika mazungumzo yetu, na anayekiulizia huonekana mjuba au mtu aliyekaa sana Ulaya.

Mimi niliuliza mara moja. Nilimpeleka mama kliniki moja ya binafsi mjini, presha imempanda na kichwa kinamgonga tangu alfajiri. Kijana mwenye koti jeupe akampima mkono wa kulia, akarudia wa kushoto, akaanza kuandika. Nikamwambia, "Samahani daktari, naomba kujua jina lako. Na wewe ni daktari wa nini?" Mama akanifinya chini ya meza. Kijana wala hakukasirika. "Mimi tabibu," akasema, yaani aliyesomea kutibu kwa muda mfupi kuliko daktari. "Daktari anakuja Alhamisi. Hizi zitamtuliza, lakini mrudishe Alhamisi amuone mwenyewe." Niliposema samahani kalamu ilikuwa imeshafika kwenye saini, na nisingeuliza, habari ya Alhamisi tusingeisikia.

Mama hakufungua mdomo mpaka tulipofika Darajani. "Umenitia haya, mwanangu. Mtu anakutibu, wewe unamuuliza kabila lake."

Haya ya mama si ya kubezwa. Sisi huchagua mtabibu kwa mkono wake: fulani mkono wake una shifaa, kamtibu mtoto wa jirani, kamtibu na bibi yake. Kipimo hicho kinatazama watu waliopona, na cheti kinatazama mtihani uliofanywa zamani. Isitoshe, kuchagua ni kwa mwenye pa kuchagulia. Mtoto akishikwa na degedege usiku Micheweni, kule Pemba, anapelekwa kwa aliye zamu, basi. Madaktari wa Kichina wanatibu visiwani tangu miaka ya 1960, na sijasikia mtu wa Mkoani, huko huko Pemba, aliyemwambia Mchina atoe shahada yake. Angeitoa, nani angeisoma?

Na karatasi nayo ina udanganyifu wake. Mwaka 2017 kule Bara, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na kilichokaguliwa ni vyeti vya sekondari na vya ualimu. Mtu angeweza kuwa muuguzi hodari wa miaka ishirini na akatoka kwa ajili ya cheti cha kidato cha nne. Wanaosema karatasi si kazi wana la kusimamia hapo.

Ila wanakosea wanapodhani anayeuliza anawinda matapeli. Mara nyingi anataka kujua tu amekaa mbele ya nani. Kiswahili chetu, kwa ukarimu wake, kimempa jina la daktari kila mtu aliye upande wa pili wa meza: tabibu ni daktari, muuguzi ni daktari, wa maabara ni daktari, hata anayeuza panadoli pale kona anaitikia "dokta" bila kugeuka. Wote wana kazi zao, na katika homa ya kawaida tabibu mzoefu huenda akamshinda daktari aliyetoka chuoni jana. Hatari inaanza pale ugonjwa unapovuka mpaka wa kazi yake, na mgonjwa hajui kama mpaka upo.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya serikali: yapo mabaraza ya kuwaandikisha madaktari, lipo daftari la majina yao, mgonjwa atulie. Hapa ndipo ninapoikumbuka kesi ya Uingereza ambayo siachi kuifikiria. Zholia Alemi aliandikishwa na Baraza la Madaktari la nchi ile mwaka 1995 kwa shahada ya Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, akafanya kazi ya udaktari wa akili kwa zaidi ya miaka ishirini. Shahada hiyo hakuwa nayo. Masomo ya udaktari hakuyamaliza. Barua aliyoghushi ya kumthibitisha ilikosewa hata tahajia ya neno lenyewe la kuthibitisha, kwa Kiingereza, mbele ya Waingereza, ikapita. Mwaka 2018 alifungwa kwa kughushi wasia wa mjane mmoja, na hata hapo shahada yake ya udaktari haikutiliwa shaka. Ni mwandishi wa gazeti la mkoa ndiye aliyefanya ambalo hakuna aliyelifanya: aliwauliza Auckland. Wakamjibu. Baraza likaanza kupitia upya karatasi za madaktari wapatao 3,000 walioandikishwa kama yeye kwa shahada za nchi za Jumuiya ya Madola, na mwaka 2023 mahakama ya Manchester ikampa bibi huyo miaka saba.

Kesi hii huipenda kila upande. Wa upande wa mama watasema: unaona, daftari lenyewe lilidanganywa, utaniambia nini na swali lako? Mimi naona swali lilikuwa rahisi kiasi kile, jibu lilikuwepo miaka yote, na kila aliyekaa mbele ya bibi yule, wakubwa wa hospitali wakiwemo, aliona si adabu kuuliza au aliamini mwenzake keshauliza.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mgonjwa hufunua yote, mpaka ambayo mumewe hayajui. Aliyekaa na kalamu hafunui hata jina.

Kwetu hapa kuuliza kuna kona zake. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina baraza lake la madaktari, na Bara wana lao, ambalo mpaka leo linaitwa la Tanganyika, wasije wakasema jina hilo limekufa. Anayepanda boti kwenda kutibiwa Dar es Salaam anaingia kwenye daftari jingine. Wauguzi nao hawamo kwenye daftari la madaktari. Ile shahada iliyopigwa fremu ukutani, rangi imeshakuwa ya chai, inasema alihitimu. Kama bado anaruhusiwa kutibu, hilo liko kwenye leseni, na leseni huhuishwa. Kwa hiyo shahada ya ukutani hainishughulishi sana. Jina kamili, kazi yake, na kama yupo mkubwa wake wa kumrejea: hayo yanatosha, na yanaulizika kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya samaki. Kwa mwenye degedege usiku yanangoja mpaka mtoto atulie.

Alhamisi tulirudi. Daktari alikuwepo, akambadilishia mama dawa moja, akamwandikia vipimo vya figo. Ukimuuliza mama leo nani alimtuliza presha yake, atakwambia ni yule kijana wa kwanza, mkono wake mwepesi. Jina lake analikumbuka. Mimi ndiye niliyeliuliza.