Vibandiko vya maonyesho vituambie zaidi

Habari inasema klabu ya wakusanyaji imeanika hadharani vitu vya kale vya wanachama wake hapa Kampala. Nilikwenda Jumamosi, na hongera zao, maana vingi huwa vimefungiwa kabatini. Ila vibandiko! Kwenye ekyanzi, chombo cha mbao cha maziwa cha Ankole, magharibi mwa Uganda, wameandika "chombo, cha zamani" basi. Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akifukiza ekyanzi kwa moshi wa nyasi kabla ya kumimina maziwa. Niliinama kukinusa (mlinzi akanikazia macho) na harufu ingalimo kwa mbali. Kwa nini lisiandikwe hilo?

Lubugo, kitambaa cha gome la mti, nao wameutundika kama pazia tu. Gome la mti wa mutuba huchunwa, likapondwa kwa nyundo zenye mifuo mpaka likawa laini kama kitambaa, na shina huvikwa majani ya migomba ili liote jingine. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu tangu 2005. Ubao wa omweso, mchezo wa bao wa Uganda, ulikuwepo pia, mashimo yote 32, lakini kete 64 sikuziona. Waulizeni wenyewe ziko wapi.